Kwaya Juu ya Besi

Jumamosi iliyopita, msomaji, tulimwacha Verona Brissett amesimama mbele ya mashine ya kurekodia, kidole juu ya kitufe, akisubiri sauti ya Clovis Tulloch itoke kwenye spika. Sauti ilitoka. Haikuwa ya Clovis.

Ilikuwa kwaya ya kanisa. Wanawake kwa wanaume wakipiga makofi, na juu yao wote sauti nzito ya Shangazi Iciline, ikiongoza kama anayefukuza mbuzi shambani.

Verona alizima. Akawasha tena, kama mtu anayefumba macho akitumaini kwamba akiyafumbua mambo yatakuwa mengine. Kwaya ilikuwa palepale, sasa imefika kwenye kiitikio.

Akaketi.

Utepe ule ndio uliokuwa umebeba "Usifunge Lango", wimbo uliofanyiwa mazoezi wiki tatu katika chumba hiki, juu ya duka la mikate la familia, analoliendesha Shangazi. Hapakuwa na nakala. Na mwimbaji mwenyewe alikuwa amepanda lori alfajiri pamoja na wakata miwa wengine, safari ya uwanja wa ndege na kutoka hapo Florida. Hatarudi mpaka msimu wa miwa uishe.

Ilikuwa saa saba mchana. Saa tisa Kanali Vassell, mwenye mitambo ya dansi, angekuja kuchukua sahani ya santuri ya wimbo huo aipige dansini usiku ule ule.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, mambo yalisimama hivi. Nje ya jengo pana ubao uliochorwa kabla Verona hajazaliwa: BRISSETT NA WANAWE. Wana wa kiume hawakuja. Alikuja Verona peke yake, akajifundisha mitambo kwa kuchungulia juu ya bega la baba yake, na kwa miezi minane sasa alikuwa akikalia kiti cha mbele ya mashine kwa ruhusa ya muda. Kisha akarudi kutoka Birmingham mtoto wa marehemu baba yake mdogo, Ransford, na cheti cha ufundi wa redio ndani ya fremu. Mzee Eustace Brissett, baba yake Verona, mtu asiyependa ugomvi, akatoa hukumu yake: sahani ya Kanali ikitoka vizuri, kiti ni cha Verona moja kwa moja. Isipotoka, atakaa Ransford, na Verona atashuka chini kuuza mikate.

Sasa, utepe umeliwaje na kwaya? Hapo ndipo Verona aliposhika kichwa, kwa sababu alijua jibu, na jibu lilikuwa yeye.

Mjini Kingston mtu akiwa na wimbo mpya mzuri huuficha. Wenye mitambo ya dansi hukwangua karatasi ya santuri mpaka jina lisisomeke, ili mpinzani asijue autafute wapi. Wapelelezi hukaa kwenye viambaza vya studio wakijifanya wanakula pati, yale maandazi yenye nyama ndani. Basi Verona, kwa hofu ya wapelelezi, aliutoa utepe kwenye kasha lake jipya, akautia kwenye kasha kuukuu lililoandikwa TUPU, akalichomeka katikati ya makasha mengine ya tepe za kurekodia upya. Hakumwambia mtu. Ilikuwa hila nzuri kabisa. Hakuna mpelelezi ambaye angegusa kasha lile.

Baba yake aligusa. Jumapili baada ya ibada kwaya ilikuja kurekodiwa, mzee akanyoosha mkono rafuni, akachukua kasha la kwanza lililosema TUPU.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Ransford, pati mkononi, akasimama kusikiliza.

"Kanali ameokoka?" akauliza huku akitafuna.

Verona hakucheka. Alimweleza yote kwa sentensi chache, bila kumtazama. Alijua kwamba kijana huyu akishuka ngazi na kusema neno moja tu, mambo yamekwisha. Hahitaji hata kusema kwa ubaya.

Ransford alimaliza pati yake. Akajifuta vidole kwenye karatasi.

"Baba Mkubwa aliweka maikrofoni ngapi?"

"Moja. Kwaya huwekewa moja siku zote."

"Basi karekodi upande mmoja tu."

Verona aligeuka taratibu. Mashine yao ilikuwa na pande mbili: upande wa kwanza vyombo, upande wa pili sauti. Yeye alikuwa amefungua upande wa sauti peke yake, apate kumsikia Clovis kwanza. Upande wa vyombo hakuugusa kabisa.

Akashusha kifundo cha upande wa sauti, akapandisha cha vyombo.

Besi iliingia kama mtu mnene anayeshuka ngazi bila haraka. Kinanda kikamfuata nyuma. Gita likachomoa pale pale ambapo mguu wa mchezaji uko hewani bado haujatua. Ulikuwa ule mdundo mpya ambao mwaka huo kila studio ya mjini iliutafuta, wengine wakiuita rege, wengine wakikataa kuuita chochote kabla haujatulia. Ulikuwa mzima, haujapungua hata pigo.

"Umejuaje?" Verona akauliza.

"Ningekuwa mimi, ningefanya kosa hilo hilo. Huwa nafikiria makosa yangu mapema."

"Na kiti je? Si unakitaka?"

"Nakitaka sana." Ransford alikuwa ameshaanza kutafuta ufunguo wa baiskeli ya kupelekea mikate. "Lakini sitaki nikipewe na kwaya."

Wakakubaliana upesi. Muziki upo, sauti haipo. Ndege za wakata miwa huchelewa siku zote. Huenda Clovis yupo bado mahali fulani, kwenye foleni ya daktari au ya mihuri. Ransford atakwenda kwanza kwa mama mwenye nyumba wa Clovis, kisha aelekee uwanja wa ndege. Akimpata, atamleta hata kwa kumpakia mbele kwenye kikapu cha mikate.

Akaondoka. Verona akabaki na mashine, na mkono usio na kazi, msomaji, hutafuta kazi. Akapandisha vifundo vyote viwili.

Alitaka kujua tu. Alitarajia fujo, kama harusi na msiba vilivyokutana kwenye kona.

Mwanzoni ilikuwa fujo kweli. Kwaya ilianza nyuma ya besi, ikajikwaa, ikatangatanga. Kisha ikatulia. Makofi ya waumini yakaanguka mahali pale pale gita lilipochomoa. Sauti ya Shangazi ikakaa juu ya besi kama kofia kichwani mwa mwenyewe.

Verona aliegemea spika. Haikuwezekana. Kwaya iliimba Jumapili, vyombo vilipigwa siku kumi kabla, na waimbaji hawakuwa wamesikilizishwa kitu. Mwendo ulikutanaje?

"Rudisha mwanzo," ilisema sauti nyuma yake.

Kanali Vassell alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya nyuzi za dhahabu mkononi. Hakuwahi kuwa mwanajeshi. Katika biashara ya dansi kuna wafalme, kuna malodi, naye alipoanza vyeo vya juu vilikuwa vimekwisha. Alikuwa amekuja mapema kwa sababu ya wasiwasi. Usiku huo mitambo yake ingepambana na ya mpinzani wake mkubwa, Lodi Zumaridi, uwanja mmoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na watu katikati wakiamua kwa miguu yao.

"Kanali, hii siyo..."

"Rudisha mwanzo, binti."

Akarudisha. Kanali alisikiliza kichwa kimeinama. Wimbo ulipokwisha alikaa kwenye benchi kama mtu aliyepewa habari za ukoo wake.

Akasema kwamba amepiga dansi tangu vijana wakivaa suruali pana, na kitu kama hicho hajakisikia. Akasema Clovis asitafutwe tena. Akasema wimbo uchongwe hivyo hivyo kwenye sahani, ikatwe sasa hivi, na usiku huu Lodi Zumaridi atafungasha spika zake kabla ya chakula.

"Hiyo ni kwaya ya Shangazi," Verona akasema. "Haikuimbwa kwa ajili ya dansi."

"Nani atajua? Watu wakicheza hawaulizani vyeti vya ubatizo."

"Watajua wote. Nani katika mtaa huu hajawahi kununua mkate hapa? Sauti hiyo ndiyo inayowaambia 'anayefuata' kila asubuhi."

Wakati huo Mzee Eustace alikuwa ameshapanda ngazi, unga mpaka kwenye nyusi, kuona kwa nini gari la Kanali liko mlangoni mapema. Kanali alimweleza. Verona akamweleza mengine, pamoja na lile kasha la TUPU, maana hakutaka ligunduliwe baadaye. Mzee aliomba asikilizishwe. Alisikiliza, na mguu wake wa kulia ukamsaliti mara mbili.

Kisha akafanya kile ambacho amekuwa akikifanya maisha yake yote mambo yakiwa magumu. Alimwachia mwingine.

"Aliye kwenye kiti ndiye anayekata," akasema.

"Basi kata," Kanali akamwambia Verona. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Ama niseme kiti hiki hakina mtu. Mzee ana kijana mwingine, nasikia."

Haya sasa. Sindano ya kukatia ilikuwa tayari. Sahani nyeusi ilikuwa imelala mahali pake, laini, haina hata mkwaruzo. Kazi ya dakika tatu, na kiti ni chake mpaka azeeke. Shangazi alikuwa chini na foleni ya Jumamosi, asingejua. Angejua kesho kanisani, pale ambapo wanawake wangegeuka mmoja mmoja kumtazama aliyeimba kwenye dansi la pombe.

Verona aliondoa mkono kwenye kifundo.

"Nakwenda kumwuliza," akasema.

Kanali alitazama dari. Mzee Eustace alitazama viatu vyake. Mwanzo wa taabu za watu wengi, alisema Kanali baadaye, ni kwenda kuuliza jambo ambalo lingeombewa radhi kwa urahisi zaidi.

Chini, foleni ilifika mpaka barabarani. Shangazi Iciline alikuwa akikanda donge la mwisho la siku kwa mkono mmoja na kupokea maagizo kwa masikio yote mawili. Verona alimnong'oneza. Alidhani atapigiwa kelele. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akafunika donge kwa kitambaa, akawaambia wateja wasubiri. Mwanamke mmoja katika foleni alijishika kifua. Katika miaka yote ya duka lile, Dada Iciline hakuwahi kuacha foleni, hata siku ile ya kimbunga.

Alipanda na mikono yake myeupe kwa unga. Hakumsalimu Kanali.

"Haya, nisikie."

Verona akafungua pande zote mbili. Shangazi alisimama wima, macho kwenye spika. Wimbo ukaisha.

"Tena."

Ukapigwa tena. Safari hii vidole vyake vilikuwa vikigonga ukingo wa meza, kulia, kushoto, kulia, na viganja vikisukuma mbele kidogo, kama vinavyosukuma donge. Akavitazama kama vya mtu mwingine.

"Nani kapiga hivyo vyombo?"

"Ni wale wale, Shangazi. Wiki tatu juu ya kichwa chako."

Iciline aliinamisha uso kutazama sakafu ya chumba, na chini yake mahali ambapo tanuri lilikuwa. Wiki tatu za besi ikipita kwenye mbao, naye chini yake akikanda. Jumapili akasimama mbele ya kwaya na kupiga makofi kwa mwendo uliokuwa umekaa mikononi.

"Ndiyo maana Mchungaji aliniuliza," akasema polepole, "mbona siku hizi tunaimba kama watu wenye mahali pa kwenda."

Kanali alicheka kwanza, na alicheka peke yake. Aliona mlango umefunguka. Akaanza kusema habari za sifa, za jina la Dada Iciline litakavyotajwa toka Parade mpaka Half Way Tree, mji mzima.

"Hapana," Shangazi akasema.

Kanali akaacha sentensi katikati. Shangazi akaendelea:

"Siyo kwa ajili yangu. Mimi nimesikia na sijaona dhambi kwenye besi. Lakini hiyo ni kwaya. Humo yumo Mama Pringle, ana miaka themanini na mbili, na sauti yake alimpa Mungu siku ya Jumapili. Utampelekaje dansini bila yeye kujua? Akiulizwa alivaa nini dansini, aseme nini?"

Mzee Eustace alimwita dada yake kwa jina, kwa sauti ya chini. Akamkumbusha kwamba hakuna kingine cha kumpa Kanali. Akamkumbusha kiti.

"Nakijua kiti," Shangazi akasema. "Futa, Verona."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Ransford hajarudi. Verona alijua hesabu yake vizuri. Akifuta, atakuwa na muziki mtupu, mteja aliyeudhika na baba anayetafuta njia rahisi. Asipofuta, atakuwa na wimbo bora kuliko wote waliowahi kuutoa chumbani humo, na hakuna mkono utakaomzuia. Kitufe kiko upande wake.

Alirudisha utepe mwanzo. Akaandaa upande wa sauti upokee upya. Taa nyekundu ikawaka. Chochote kitakachopita hapo sasa, hata ukimya, kitaila kwaya.

"Kanali," akasema, "unaweza kungoja ama unaweza kwenda. Ya kwaya haikatwi."

Kanali alivaa kofia yake. Akaivua. Akaivaa.

"Mzee Brissett, huyu binti ana moyo mzuri," akasema. "Mpe mikate auze."

Alikuwa ameshafika mlangoni wakati Shangazi Iciline, ambaye alikuwa akijifuta unga kwa aproni, alipouliza kama anauliza bei ya sukari:

"Yule kijana wa lango, alikuwa anaanzia wapi? Baada ya kinanda, au pamoja nacho?"

Kanali akageuka.

"Nimesikia wimbo huo wiki tatu," akaendelea. "Naujua kuliko yeye. Mzuri, lakini hauna akili. Mtu mzima anasimama mvuani beti tatu, na baraza ipo. Sauti za watu siwezi kuzitoa. Hii moja ni yangu."

Mzee Eustace alifungua mdomo. Dada yake akamtazama, naye akaufunga.

Basi wakaingia kazini. Verona alimsimamisha mbele ya maikrofoni, akamvisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, akajaribu sauti. Mshale wa mashine ukaruka mpaka mwisho ukagoma kurudi. Akamrudisha nyuma kidogo. Bado. Akamrudisha tena, na tena, mpaka Shangazi akawa amesimama mlangoni mwa chumba cha pili mgongo ukigusa ukuta, kwa sababu sauti ile ilizoea kuvuka foleni nzima na kumfikia aliye barabarani. Pale mshale ukatulia.

"Huku nyuma mtanisikia?" Shangazi akauliza.

"Tutakusikia," akasema Verona, kwa heshima yote.

Besi ikashuka ngazi zake. Shangazi alingoja kinanda kipite, kama anavyongoja mteja ahesabu watoto wake kabla ya kuagiza mikate. Akaingia.

Verona alitazamia maneno ya Clovis. Yale aliyoyasikia mara mia: usifunge lango, mpenzi, mvua haijakatika. Hakuyasikia. Shangazi Iciline alikuwa ameugeuza wimbo. Aliyekuwa akiimba sasa hakuwa yule mwanamume wa nje. Alikuwa mwanamke aliye ndani.

Lango sijafunga, aliimba, wala ufunguo sina. Umesimama mvuani kwa sababu wapenda kuonekana.

Kanali alirudi kutoka mlangoni hatua moja.

Pita ufute miguu, aliimba, chai i jikoni. Ukija na machozi tu, urudi nayo nyumbani.

Hakupamba. Hakuvuta sauti. Aliimba kama anayeeleza jambo ambalo kila mwenye nyumba analijua, na kila mwisho wa mstari alipiga kofi moja, kavu, pale mguu unapokuwa hewani. Chini dukani minong'ono ya foleni ilikufa. Halafu ikasikika, kupitia sakafu, miguu ya watu wengi ikigonga mbao pamoja.

Verona hakuthubutu kufurahi. Macho yake yalikuwa kwenye mshale. Ubeti wa pili ukapita. Wa tatu ukapita. Vyombo vikaanza kuzimika, na Shangazi, aliyezoea kumaliza ibada, akaongeza "haya basi" moja ndogo mwishoni kabisa.

Taa nyekundu ikazimwa.

"Nimekosea pale katikati," akasema Shangazi akivua hedifoni. "Lakini donge langu litachacha." Akashuka.

Verona alikata sahani mwenyewe. Sindano ikalima, uzi mweusi mwembamba ukajikunja kama nywele za mtoto, naye akaufagia kwa brashi bila kutetemeka. Mzee Eustace alishika taa. Kanali aliichukua sahani ikiwa bado ina joto, akaigeuza upande huu na upande ule.

Verona akazima mashine.

"Sijui," akasema. Lilikuwa neno la kweli, na labda ndiyo sababu hakuna aliyekasirika. "Kwaya ningeiwekea roho yangu rehani. Hii sijui ni kitu gani. Mama wa makamo anamsuta mwanamume. Wanaume watacheza? Wanawake watanunua vinywaji?" Akatia sahani kwapani. "Nitaipiga saa nne usiku, uwanja ukijaa. Wakipiga kelele irudiwe, Mzee, kiti ni cha binti huyu. Wakinyamaza, mpe kijana wa Birmingham, nami nitatafuta studio nyingine."

Mzee Eustace alimtazama binti yake. Verona akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa haki, ukifikiri.

Gari la Kanali lilikuwa limeshakata kona wakati baiskeli ya mikate ilipoanguka kwenye ngazi za duka. Ransford aliingia shati limemganda mgongoni. Wateja wa mwisho walikuwa wakiondoka. Verona na baba yake walikuwa wameshuka, na Shangazi alikuwa akitoa mikate ya mwisho tanurini.

Clovis ameruka, Ransford akasema alipopata pumzi. Ndege kwa mara ya kwanza katika historia iliondoka saa yake. Verona akamwambia haidhuru, akamweleza kilichotokea. Ransford alisikiliza, lakini uso wake haukufunguka. Ulizidi kujikunja.

"Mbona hivyo?" Mzee Eustace akauliza. "Si tumepata sahani?"

"Nimepita uwanjani wakati wa kurudi," Ransford akasema. "Wameanza kufunga spika. Wa Lodi Zumaridi walikuwa wanajaribu zao. Wanapiga 'Usifunge Lango'. Sauti ni ya Clovis mwenyewe. Vyombo ni vya watu wengine, studio nyingine. Aliwaimbia na wao kabla ya kuondoka."

Hakuna aliyemtukana Clovis. Mtu anayekwenda kukata miwa ng'ambo humwimbia kila anayemwomba. Nusu ya waimbaji wa mji hufanya hivyo, na nusu nyingine hawajaombwa. Lakini Verona alikuwa akipiga hesabu. Usiku huu, uwanja mmoja, wimbo mmoja mara mbili. Upande ule kijana mzuri wa sauti ya asali akilia mvuani. Upande huu mwuza mikate akimwambia afute miguu. Na kiti chake katikati.

Shangazi Iciline aliweka sinia mezani.

"Anaimba vizuri?" akauliza.

Ransford alisita. "Vizuri sana, Shangazi. Watu walikuwa wamesimama barabarani kusikiliza."

"Bado analia mvuani?"

"Beti zote tatu."

Shangazi alifunga mlango wa tanuri. Akafungua fundo la aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya mikate. Kisha akaenda kwenye msumari nyuma ya mlango ambapo kofia yake ya kanisani ilikuwa ikining'inia, ile ya bluu yenye manyoya, ambayo haijawahi kutoka nyumbani siku ya Jumamosi.

"Eustace," akasema akiivaa mbele ya kioo kidogo cha dukani, "hilo dansi wanaingilia mlango gani?"